Bastola Iko Ukurasa wa Ngapi?

Kijiwe chetu kiko Chapwa, kando ya barabara kuu, na benchi lenyewe ni ubao wa bodi la lori uliolazwa juu ya rimu mbili. Foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde ikiwa fupi, tunakaa peke yetu na vumbi letu. Ikirefuka, malori yanatufikia, yanatupita, na madereva wanakuwa ndugu zetu kwa lazima. Mimi nashona maturubai. Nikiwa na sindano mkononi sipendi kelele, lakini hapa kelele ndiyo kodi ya kukalia benchi, basi nimechoka mpaka nimezoea. Kahawa anauza Bi Mwanakombo, mtu wa Tanga, alikuja huku na mume, mume akaondoka, birika likabaki. Yupo Aziz, tunamwita Kwacha kwa sababu anabadilisha hela za Wazambia, na hajawahi kukosa maoni juu ya jambo lolote. Na juma lile alikuwepo Zahoro, dereva wa lori la mbolea. Huyo tulimbatiza Foleni, maana lori lake lilisimama mbele ya kijiwe mpaka kuku wa jirani wakaanza kulala chini yake.

Jumamosi hiyo asubuhi Foleni alishuka na kitabu mkononi, amenuna.

Foleni: Bi Mwanakombo, naomba kahawa. Na ninyi wengine naomba mnijibu. Bastola iko ukurasa wa ngapi?

Kwacha: Bastola gani tena, kaka? Hapa ni mpakani, vitu vingine vitaje polepole.

Foleni: Hii hapa.

Akakitupa kitabu juu ya benchi. Hatukuinama hata kukitazama, tunakijua. Kwenye kava kuna msichana wa sketi fupi ameshika bastola, nyuma yake gari linawaka moto, juu ya gari helikopta. Kwa herufi nyekundu zinazochuruzika damu pameandikwa Mibuni ya Enesi. Chini kabisa, kwa herufi za kubania, jina la mwandishi: Raphaeli Ezron. Na Raphaeli mwenyewe, kijana wa Isansa, karani wa ofisi moja ya kupitisha mizigo, alikuwa amekaa palepale kwenye ncha ya benchi, kikombe mkononi, anaangalia lami. Foleni hakumjua.

Foleni: Nimekinunua kwa yule muuza magazeti. Nikasema, huyu dada Enesi atanisogezea siku. Sasa nimefika katikati ya kitabu. Enesi amepalilia. Enesi amechuma kahawa. Enesi amemenya kahawa kwa mashine ya mkono, mashine ikambana kidole. Enesi amekaa barabarani na magunia anasubiri mnunuzi, mnunuzi hakuja. Nikasema haya, sasa ndiyo anachomoa! Wapi. Akajifunga khanga, akarudi nyumbani.

Bi Mwanakombo: Halafu?

Foleni: Akapika maharage.

Kwacha: Maharage!

Foleni: Yakaungua! Ukurasa mzima, maharage yanaungua. Mimi bado nasubiri helikopta.

Kwacha akacheka mpaka akajimwagia kahawa. Mimi sikucheka. Ugomvi huu nimeusikia tangu masika. Kila foleni inakuja na dereva wake, kila dereva anauliza bastola, na kila mara Raphaeli anajibu yaleyale kwa sauti ileile. Siku hiyo sauti yenyewe ilikuwa imechoka kuliko siku zote.

Raphaeli: Bastola haimo, kaka. Kitabu ni cha kwangu. Enesi ni mama yangu mzazi.

Foleni akaangalia kava, akamwangalia Raphaeli, akarudi kwenye kava.

Foleni: Huyu?

Raphaeli: Siyo huyo!

Foleni: Samahani, bwana mdogo. Ila jina lake si ndilo hilo, juu ya kichwa cha huyu binti?

Raphaeli: Ndiyo maana silali.

Ikabidi nimweleze mimi, kwa kuwa Raphaeli alikuwa amerudi kwenye lami yake. Mama yake alifariki mwaka juzi. Alikuwa mkulima wa kahawa, mwanamke wa kanisani, na miaka ile bei ilipolala na majirani wakang'oa mibuni ili wapande mahindi, yeye alikataa. Akaipalilia peke yake mpaka mwisho. Mtoto wake akayaandika hayo, akayapeleka kwa mchapaji mmoja huko Mbeya pamoja na picha ya mama ya kuweka mbele. Vitabu vikarudi na msichana.

Raphaeli: Aliniambia kikongwe mwenye kikapu hauzi.

Kwacha: Na huyu kauza, usimkosee.

Raphaeli: Kauza, halafu wanarudi kunitukana mimi.

Bi Mwanakombo: Afadhali hao wa sasa. Mwulizeni habari ya mifuko ya saruji. Aliona aibu, mwanangu huyu, akavivalisha vitabu vyote karatasi ya mfuko wa saruji, kama watoto wa shule wanavyovalisha madaftari. Kumbe ndiyo kaharibu! Watu wakaona kitabu kimefichwa uso, wakasema humo kuna mambo. Watu wazima na heshima zao wakawa wananunua huku wanatazama nyuma, wanakisunda ndani ya koti.

Kwacha: Wanaenda kujifungia chumbani.

Bi Mwanakombo: Wanajifungia na maharage.

Hapo nikacheka kidogo, sikatai. Raphaeli alitabasamu kwa mdomo tu.

Kwacha: Mimi nawaambia siku zote hamnisikii. Mchapaji hana kosa. Makava yanakuja kutoka ng'ambo kwa marobota, kama mitumba. Yamefungwa kwa waya. Mchapaji anakata waya, wanachagua. Aliyewahi asubuhi anaondoka na mwanamke mwenye bastola, hiyo ndiyo gredi ya kwanza. Aliyechelewa anaambulia sungura na jua linachomoza. Raphaeli aliwahi. Ashukuru.

Mimi: Nani kakuambia?

Kwacha: Aliyeniambia hayupo.

Mimi: Kakuambia mkiwa wapi?

Kwacha: Fundi, wewe shona turubai lako.

Mimi: Nashona, na turubai ndilo linanifundisha. Unaona lori limefunikwa vizuri, karatasi zinasema mbolea, kumbe chini sabuni. Lakini kule mbele kuna mtu wa forodha. Anasema fungua. Unafungua. Vitabu havina mtu wa forodha, ndiyo shida. Angekuwepo mmoja tu pale Mbeya wa kusema fungua tuone hiyo bastola, huyu binti asingepita.

Foleni: Usinitazame mimi. Karatasi zangu zinasema mbolea, na ni mbolea.

Mimi: Nani kakutaja?

Foleni: Macho yako.

Bi Mwanakombo: Mnagombana bure. Kwani kahawa yenyewe? Kahawa hii ya Mbozi inapanda meli, huko inakaangwa, inarudi kwenye kopo lenye picha ya mwanamke anacheka meno yote thelathini na mbili. Mimi nimekaa huku siku nyingi, sijaona mchuma kahawa anacheka hivyo. Na watu wanalinunua. Tumezoea kudanganywa, wenetu. Tukiambiwa ukweli tunaomba kupunguziwa bei.

Alichosema kilikuwa kweli. Lakini Foleni, mtu wa kukaa ndani ya lori siku nzima, alikuwa na maneno yaliyolundikana.

Foleni: Sasa nisikilizeni mimi. Kama msichana wa bastola kaja kwenye kitabu cha mama, basi kipo kitabu cha bastola ambacho kimekosa kava. Ni hivyo, siyo hivyo?

Kwacha: Ni hivyo.

Foleni: Na mchapaji hatupi kitu. Basi kile kitabu cha majambazi, sasa hivi ninavyoongea, kiko Sumbawanga, na mbele yake ni picha ya mama Raphaeli na kikapu chake. Akina mama wa kwaya wamekinunua. Wamekaa kwenye mkeka baada ya ibada, mmoja mwenye miwani anawasomea. Ukurasa wa kwanza watu watatu wameshapigwa risasi!

Kwacha: Wanatazamana. Wanasema, heee, huyu mama mpole hivi, kumbe!

Foleni: Mwenye miwani anasema "fungueni Biblia", wenzake wanasema hapana, endelea kwanza tujue kama alikamatwa!

Tukaangua kicheko, hata mimi, hata Bi Mwanakombo aliyeshika mbavu kwa mkono mmoja na birika kwa mwingine. Raphaeli akaweka kikombe chini.

Raphaeli: Jamani, basi. Baba anakuja leo.

Kicheko kikaisha kila mtu kwa wakati wake. Kwacha akawa wa mwisho.

Bi Mwanakombo: Mzee Ezron? Anakuja hapa?

Raphaeli: Yuko njiani. Kesho kule nyumbani ni ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mama. Ameshamwambia mchungaji, amewaambia wazee wa kanisa, kijiji kizima kinajua, kwamba picha ya Enesi iko mbele ya kitabu. Anakuja kukichukua mwenyewe. Nilimwambia nitakileta, amekataa.

Mimi: Kwani hajakiona mpaka leo?

Raphaeli: Tangu masika namwambia wino haujakauka.

Mimi: Wino gani huo, Raphaeli!

Raphaeli: Ungekuwa wewe ungemwambia nini, fundi?

Nikavuta uzi.

Kwacha: Mwambie ndiye mama alipokuwa msichana.

Raphaeli: Alimwoa akiwa msichana.

Foleni: Mwambie hili ni kava la mjini. La shamba liko njiani.

Raphaeli: Msalaba ni kesho, kaka.

Bi Mwanakombo: Mwambie ukweli, mwanangu. Mwambie mchapaji alikuzunguka. Mzee ni mtu mzima, kava atalisamehe. Akifungua ndani akasoma, atamkuta mke wake.

Raphaeli: Baba hakusoma, Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo: Hata kidogo?

Raphaeli: Hata jina lake anaweka dole gumba.

Nilisimamisha sindano. Masika mazima tumekaa hapa tukisema kava si kitu, hadithi iko ndani, na Raphaeli anatikisa kichwa kana kwamba anakubali. Kumbe kwa mtu mmoja aliyemwandikia, kitabu chote ni kava. Niliona haya kwa maneno niliyoyamwaga.

Kwacha: Sikilizeni. Si ile picha yenyewe ipo? Ile aliyompa mchapaji? Nendeni mkanunue gundi hapo dukani, tuibandike juu ya huyu binti. Mzee anamwona mke wake, anaondoka zake, yamekwisha.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Kwacha alikuwa amesema neno la maana. Foleni alikuwa ameshasimama akitafuta hela ya gundi.

Raphaeli: Kaa, kaka. Picha haipo.

Foleni: Haipo vipi?

Raphaeli: Mchapaji kaipoteza. Nimekwenda, akaniambia rudi wiki ijayo. Nikarudi, akasema labda imeingia kwenye taka za karatasi. Safari iliyofuata nikakuta pale wanauza vitenge, yeye kahama.

Bi Mwanakombo: Na nyingine? Mama hakupiga nyingine?

Raphaeli: Ni hiyo moja maisha yake yote. Aliipiga kule Mlowo, mwaka ambao kahawa ililipa. Gauni la bluu, kitambaa cheupe kichwani. Mpiga picha alimwambia aweke kikapu chini, mama akamwambia hiki hakijanikosea kitu, tutapiga wote. Baba alikuwa analala nayo chini ya mto. Alinipa kwa mikono miwili, akasema ikishatoka kwenye kitabu uirudishe. Hajui. Mimi sijui namwambiaje.

Kwacha alikuwa anajipangusa kahawa kwenye suruali ambayo ilishakauka zamani. Foleni akakichukua kitabu chake benchini, akakilaza kifudifudi ili msichana asionekane. Nyuma kulikuwa na helikopta nyingine. Akakikalia.

Hatukupata nafasi ya kupanga lolote. Gari likasimama ng'ambo ya barabara, akashuka mzee mrefu, koti la kahawia, kofia mkononi, kwapani amebana kitu bapa kilichofungwa kwenye khanga. Akapita katikati ya malori mawili kwa uangalifu. Raphaeli alikuwa ameshasimama.

Raphaeli: Shikamoo Baba.

Mzee Ezron: Marahaba, mwanangu. Hawa ndio wenzako?

Tukamwamkia wote. Foleni akasogea kumpisha, na kitabu chini yake akasogea nacho. Bi Mwanakombo akainamisha birika mpaka likatoa mlio wa mwisho, akampa mzee kikombe.

Bi Mwanakombo: Karibu, baba. Imetoka ya mwisho hiyo, birika limekwisha.

Mzee Ezron: Asante mama. Ni kahawa ya kwetu?

Bi Mwanakombo: Ya Mbozi kabisa.

Mzee Ezron: Mmeikaanga sana. Lakini si neno.

Akainywa yote, akashukuru, akaifungua ile khanga juu ya magoti. Ndani kulikuwa na fremu ya mbao, mpya, inanuka vanishi, na kioo chake kimefutwa mpaka unajiona.

Mzee Ezron: Amechonga Osea, fundi wa kwetu. Sikuwa na kipimo, nikampelekea kitabu cha nyimbo, nikamwambia vitabu si vinalingana. Kesho kinakaa humu, juu ya meza, pale kaburini. Watu wapite mmoja mmoja wamwone. Ibada ikiisha nakitundika ukutani kwangu. Haya, nipe nimwone.

Raphaeli akafungua mkoba. Kitabu chake alikuwa amekivalisha karatasi ya saruji. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akaivua karatasi taratibu bila kuichana, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akatazama. Alitazama muda mrefu, na mimi nilikuwa nasubiri hasira, nilikuwa naiomba ije, maana hasira tungeijua la kuifanya. Haikuja.

Mzee Ezron: Mwanangu, umekosea. Hiki ni kitabu cha mtu mwingine.

Raphaeli: Ndicho chenyewe, Baba.

Mzee Ezron: Enesi yuko wapi?

Raphaeli: Yuko ndani.

Mzee akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kufungua. Ukurasa mmoja, mwingine, mwingine. Alikuwa anatafuta picha. Alipofika mwisho akarudi nyuma akatenganisha kurasa mbili zilizogandana, akachungulia kati yake. Nikashindwa kuendelea kuangalia. Foleni ndiye aliyeshindwa kunyamaza, yule yule aliyetupigia kelele tangu asubuhi.

Foleni: Yumo, mzee wangu. Haki ya Mungu yumo, nimemsoma mimi. Anapalilia. Anachuma. Ile mashine ya mkono ikambana kidole.

Mzee Ezron: Kidole hiki.

Akainua mkono wake mwenyewe wa kushoto kutuonyesha.

Mzee Ezron: Chake kilibaki kimepinda. Umesoma hayo humu?

Foleni: Humu. Na siku mnunuzi hakuja. Akarudi nyumbani akapika maharage yakaungua.

Mzee Ezron: Tukayala hivyohivyo. Alikuwa anawaza magunia.

Foleni: Ndivyo ilivyoandikwa, mzee.

Kumbe kurasa zile alizozilaani ndizo alizokuwa amezishika vizuri kuliko zote. Mzee akamtazama mwanawe, na uso ukalegea kidogo, nikadhani Mungu ametuvusha. Raphaeli akapiga goti pale kwenye vumbi, akatafuta mstari, akaweka kidole.

Raphaeli: Huyu hapa, Baba. Hili ndilo jina lake. Enesi.

Mzee Ezron: Hapa?

Raphaeli: Hapo hapo.

Mzee akaweka dole gumba juu ya neno, likafunikwa lote. Akaondoa dole, akatazama, akaweka tena.

Mzee Ezron: Umefanya vizuri, mwanangu. Umemkumbuka mama yako. Sikulaumu. Lakini kesho watu watapita na macho yao, na huyu binti wa watu siwezi kumweka kaburini kwa Enesi. Kitabu utatusomea jioni, nyumbani. Kwenye fremu nitaiweka ile picha. Ni ndogo, lakini nitaipachika na karatasi nyuma. Nirudishie picha yangu.

Akaielekeza fremu kwa Raphaeli, imefunguliwa mgongo tayari. Raphaeli bado alikuwa amepiga goti. Kwacha aliinamisha kichwa. Bi Mwanakombo alilishika birika tupu akaliinamisha juu ya kikombe cha mzee, halikutoa kitu, akaendelea kuliinamisha.

Ndipo kule mbele foleni ikasogea. Ilikuwa haijasogea tangu juzi. Lori la mbele ya lile la Foleni likanguruma likaondoka, pakabaki uwazi mkubwa, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kumpigia honi, mmoja, halafu wote. Foleni hakuinuka. Aliendelea kukalia kitabu chake, anatazama mikono.

Mzee Ezron akadhani hatukumsikia kwa sababu ya honi. Akainama karibu na sikio la mwanawe, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, bila ukali wowote.

Mzee Ezron: Picha ya Enesi, mwanangu. Iko wapi?